Kamisheni: kwanza uliza ni asilimia ya kitu gani

MKULIMA anayepeleka nyanya Dar es Salaam kutoka Ilula, mkoani Iringa, na kijana anayeuza mabati dukani kwa mshahara mdogo na kamisheni juu yake, wanafanana kwa jambo moja. Fedha zao huwafikia baada ya kupita kwenye daftari la mtu mwingine. Mkulima hupigiwa hesabu na dalali, na muuzaji hupigiwa na mwajiri. Siku wakipokea pungufu ya walichotarajia na kuuliza, hujibiwa haraka haraka kuwa asilimia ni asilimia, haibishaniwi.

Jibu hilo si sahihi. Asilimia hubishaniwa, tena inapaswa kubishaniwa, ila kabla ya mzigo kuuzwa. Kupiga hesabu yenyewe ni kazi ya shule ya msingi. Asilimia tano ni shilingi tano katika kila shilingi mia, na mwenye kalkuleta kwenye simu hahitaji hata kuumiza kichwa. Kinachowagharimu watu fedha ni swali dogo ambalo huachwa bila kuulizwa: asilimia tano ya kitu gani?

MZIGO WA NYANYA

Chukulia mkulima amefikisha matenga 120 ya nyanya katika soko la Ilala. Dalali ameyauza kwa wachuuzi kwa sh. 35,000/- kila tenga. (Bei hizi, kama nyingine zote katika makala haya, ni za mfano na si za soko la wiki hii.) Mauzo yote ni 120 mara 35,000, yaani sh. 4,200,000/-. Makubaliano ni kamisheni ya asilimia 5.

Njia nyepesi ya kupata jibu bila mashine ni kutafuta kwanza asilimia moja. Kwenye 4,200,000 ondoa sifuri mbili za mwisho, inabaki sh. 42,000/-. Hiyo ndiyo asilimia moja. Zidisha mara tano, unapata sh. 210,000/-. Kama kamisheni ingekuwa asilimia 7 ungezidisha mara saba na kupata sh. 294,000/-, na kama ingekuwa mbili na nusu ungepata sh. 105,000/-. Anayeanzia kwenye asilimia moja ni vigumu kudanganywa sifuri, kwa sababu kila hatua anaiona kwa macho.

Sasa zije gharama. Lori limetoza sh. 6,000/- kwa tenga, jumla sh. 720,000/-. Kushusha na ushuru wa soko vimekula sh. 1,000/- kwa tenga, jumla sh. 120,000/-. Kamisheni ikikatwa kwenye mauzo yote, mkulima anaondoka na sh. 3,150,000/-.

Lakini huenda mkulima alielewa kuwa gharama zitatolewa kwanza, ndipo dalali achukue asilimia 5 ya kinachobaki. Kinachobaki baada ya gharama ni sh. 3,360,000/-, na asilimia 5 yake ni sh. 168,000/-. Hapo mkulima anaondoka na sh. 3,192,000/-. Tofauti ni sh. 42,000/-, ambayo inazidi bei ya tenga zima. Wote wawili walisema "asilimia tano", wote walipeana mikono, na hakuna aliyesema uongo.

Dalali hudai kamisheni ya mauzo yote kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyeyauza matenga yote, na kwamba hakuwapo nauli ya lori ilipopatanwa. Hoja hiyo ina uzito, na sokoni ndivyo ilivyozoeleka: kamisheni hukatwa juu, kabla ya kitu kingine. Mkulima anayetaka vinginevyo anatakiwa kusema mapema, kwa sababu ukimya wake utahesabiwa kuwa amekubali desturi ya soko. Ni vyema pia akafahamu kuwa ile sh. 210,000/-, ambayo ni asilimia 5 ya mauzo, ukiipima kwa sh. 3,150,000/- zilizoingia mfukoni mwake ni karibu asilimia 6.7. Fedha ni ile ile. Kilichobadilika ni kitu inachopimwa nacho.

CHA JUU

Tatizo kubwa zaidi ni pale bei yenyewe inapofichwa. Mwenye mzigo yuko shambani, anapigiwa simu: "Mzee, leo soko bovu, zimekwenda thelathini na mbili." Kumbe wachuuzi wamelipa thelathini na tano. Hiyo tofauti ya sh. 3,000/- kwa tenga ndiyo wafanyabiashara wanayoiita cha juu.

Katika daftari atakaloonyeshwa mkulima, mauzo yatasomeka sh. 3,840,000/- na kamisheni ya asilimia 5 itasomeka sh. 192,000/-. Kamisheni hiyo ni ndogo kuliko ile ya sh. 210,000/- iliyotangulia, na mkulima anaweza hata kushukuru. Lakini cha juu cha matenga 120 ni sh. 360,000/-. Ukijumlisha na kamisheni iliyoandikwa, dalali amepata sh. 552,000/-. Igawe kwa asilimia moja ya mauzo ya kweli, yaani 42,000, inakuja 13.1. Kwa hiyo aliyeahidi kuchukua asilimia 5 amechukua zaidi ya 13.

Hapa hesabu haimsaidii mkulima asiyejua bei. Asilimia iliyokatwa sawasawa kwenye namba ya uongo hutoa jibu la uongo lililo sawasawa. Ndiyo maana wenye mizigo wenye uzoefu humtuma kijana wao akae karibu na lori siku ya mauzo, au humpigia mchuuzi wanayemfahamu na kuuliza amenunua kwa kiasi gani kabla ya kupokea hesabu ya dalali. Minada ya wazi husaidia kwa sababu hiyo hiyo. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao ulianza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, moja ya faida zilizotarajiwa ni kwamba mkulima asikie bei mnadani kuliko kuletewa nyumbani.

SHILINGI KWA TENGA

Kuna madalali wasiotumia asilimia kabisa. Wao husema, "Mimi nachukua elfu mbili kwa tenga," na wakulima wengi huipenda kauli hiyo kwa kuwa ni nyepesi kuikumbuka. Ni nyepesi kweli, lakini inafaa kugeuzwa kuwa asilimia ili ijulikane uzito wake.

Tenga likiuzwa sh. 50,000/-, ile elfu mbili ni asilimia 4. Likiuzwa sh. 35,000/-, ni asilimia 5.7. Msimu ukichanganya na nyanya zikaingia kutoka kila upande hadi tenga likashuka sh. 15,000/-, elfu mbili ile ile imekuwa asilimia 13.3. Bei ikianguka, kamisheni ya shilingi haianguki nayo. Anayebeba anguko lote ni mwenye mzigo.

Kamisheni ya asilimia humfanya dalali naye aumie kidogo bei ikishuka na afaidi kidogo ikipanda. Neno "kidogo" lisipitwe haraka, maana ndilo linaloeleza tabia ambayo wakulima huilalamikia kila msimu. Dalali wa asilimia 5 akishindana na wachuuzi na kupandisha bei kwa sh. 1,000/- kwa kila tenga, mzigo wa matenga 120 utaongezeka thamani kwa sh. 120,000/-. Mkulima atapata sh. 114,000/- na dalali sh. 6,000/-. Kwa shilingi elfu sita dalali hawezi kupoteza nusu siku wakati malori mengine mawili yanamsubiri. Atauza haraka. Hana nia mbaya, ila faida yake iko kwenye wingi wa mizigo, wakati faida ya mkulima iko kwenye bei ya mzigo mmoja.

Njia mojawapo ya kulitatua hilo ni kupatana kamisheni yenye sehemu mbili: kwa mfano asilimia 4 mpaka bei ya sh. 30,000/- kwa tenga, na asilimia 20 ya kile kinachozidi hapo. Kwa bei ya sh. 35,000/-, dalali atapata sh. 1,200/- za sehemu ya kwanza na sh. 1,000/- za sehemu ya pili, jumla sh. 2,200/- kwa tenga. Ni zaidi ya sh. 1,750/- anazopata kwa asilimia 5 ya kawaida. Lakini akiuza kwa sh. 30,000/- atapata sh. 1,200/- tu. Dalali wa namna hiyo ataongea na wachuuzi kwa sauti nyingine. Ugumu ni ule ule wa cha juu: mpango huu haufai kwa anayesubiri bei kwa simu.

KURUDISHA HESABU NYUMA

Hesabu zinazowasumbua wengi ni zile zinazoanzia mwisho. Mtu anajua kamisheni aliyopewa lakini hajui mauzo, au anajua alichobakiwa nacho na anatafuta bei ya mwanzo.

Ya kwanza ni rahisi. Wakala ameandikiwa kamisheni ya sh. 84,000/- kwa kiwango cha asilimia 3. Mauzo yalikuwa kiasi gani? Ikiwa asilimia tatu ni 84,000, asilimia moja ni 28,000, na mauzo yote, yaani asilimia mia, ni sh. 2,800,000/-. Wakala ambaye daftari lake mwenyewe linaonyesha ameuza sh. 3,100,000/- sasa ana jambo la kuuliza. Kuna mauzo ya sh. 300,000/- ambayo ofisi haikuyahesabu.

Ya pili ndiyo yenye mtego. Mkulima ana deni la mbolea na ada za shule, na amepiga hesabu kuwa baada ya kamisheni lazima abakiwe na sh. 3,800,000/-. Dalali anachukua asilimia 5. Mzigo uuzwe kwa kiasi gani? Wengi huchukua 3,800,000, hutafuta asilimia 5 yake ambayo ni 190,000, wakajumlisha na kupata sh. 3,990,000/-. Jibu hilo linaonekana halina kasoro mpaka siku ya malipo. Asilimia 5 ya 3,990,000 ni sh. 199,500/-, na kinachobaki ni sh. 3,790,500/-. Zimepungua sh. 9,500/-.

Kosa ni lile lile la kutouliza asilimia ya kitu gani. Dalali hakati asilimia 5 ya kitakachobaki, anakata asilimia 5 ya mauzo. Kwa hiyo kile kitakachobaki ni asilimia 95 ya mauzo. Gawa 3,800,000 kwa 95, unapata asilimia moja ambayo ni 40,000. Zidisha mara mia, unapata sh. 4,000,000/-. Kwa kuhakikisha, asilimia 5 ya milioni nne ni laki mbili, zinabaki milioni tatu na laki nane. Kadiri kamisheni inavyokuwa kubwa ndivyo kosa hili linavyokua. Kwa kamisheni ya asilimia 20, anayetaka kubakiwa na sh. 800,000/- akaongeza asilimia 20 juu yake atauza kwa sh. 960,000/- na kubakiwa na sh. 768,000/- tu.

Wapo pia wenye madalali wawili, mmoja wa kijijini anayekusanya mzigo na mwingine wa mjini anayeuza. Wa mjini akichukua asilimia 10 ya mauzo ya sh. 2,000,000/-, zinabaki sh. 1,800,000/-. Wa kijijini akichukua asilimia 5 ya hizo zilizobaki, ni sh. 90,000/-. Jumla ya kamisheni ni sh. 290,000/-, ambayo ni asilimia 14.5 na si 15. Lakini kama kila mmoja amepatana kukata kwenye mauzo yote, basi ni 15 kamili.

MSHAHARA NA KAMISHENI

Kwa waajiriwa, ugomvi huanzia kwenye karatasi ya mkataba. Chukulia muuzaji wa vifaa vya ujenzi anayelipwa mshahara wa sh. 250,000/- kwa mwezi pamoja na kamisheni ya ngazi: asilimia 2 kwa mauzo mpaka sh. milioni 10, asilimia 3 kati ya milioni 10 na milioni 20, na asilimia 5 zaidi ya hapo. Mwezi mmoja ameuza bidhaa za sh. 26,000,000/-.

Yeye amepiga hesabu usiku kucha: asilimia 5 ya milioni 26 ni sh. 1,300,000/-. Mhasibu amemwandikia sh. 800,000/-. Tofauti ni sh. 500,000/-, mishahara yake miwili.

Mhasibu amekata mauzo vipande. Milioni 10 za kwanza kwa asilimia 2 ni sh. 200,000/-. Milioni 10 za pili kwa asilimia 3 ni sh. 300,000/-. Milioni 6 zilizobaki kwa asilimia 5 ni sh. 300,000/-. Jumla sh. 800,000/-. Muuzaji naye amesoma kuwa akishavuka milioni 20, kiwango cha asilimia 5 kinarudi mpaka shilingi ya kwanza.

Nani yuko sahihi inategemea maneno machache. Mkataba ukisema "mauzo yanayozidi sh. milioni 20 yatalipiwa asilimia 5", kinacholipiwa ni yale yanayozidi, na mhasibu yuko sawa. Ukisema "muuzaji atakayezidisha sh. milioni 20 atalipwa asilimia 5 ya mauzo yake", muuzaji ana haki ya kudai milioni moja na laki tatu. Kirai kimoja kimebeba nusu milioni.

Usomaji wa muuzaji, hata kama umeandikwa, una jambo la ajabu ndani yake. Aliyeuza milioni 20 kamili angelipwa asilimia 3, yaani sh. 600,000/-. Aliyeuza sh. 20,100,000/- angelipwa asilimia 5, yaani sh. 1,005,000/-. Mauzo ya sh. 100,000/- yamemwongezea sh. 405,000/-. Kwa mkataba kama huo, muuzaji aliyefika milioni kumi na tisa na laki tisa tarehe 30 atanunua mabati kwa fedha zake mwenyewe ili avuke, na hapo hakuna wa kumlaumu ila aliyeandika mkataba. Aidha, mwenye mauzo mengi mwezi huu atashawishika kuyasukuma yaandikwe mwezi ujao ikiwa hana matumaini ya kuvuka. Waajiri wengi hugundua hilo baada ya kulipa.

VAT NA MALI KAULI

Swali la asilimia ya kitu gani hurudi tena kwenye kodi. Tanzania Bara ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani, VAT, mwaka 1998 kwa kiwango cha asilimia 20, na kiwango cha kawaida kikashushwa kuwa asilimia 18 mwaka 2009. Bei inayoonekana kwenye risiti huwa imeshabeba kodi hiyo, lakini kodi si mapato ya duka. Ndiyo maana waajiri wengi hulipa kamisheni kwenye bei kabla ya VAT.

Muuzaji ameuza mashine kwa sh. 11,800,000/- pamoja na VAT, na kamisheni yake ni asilimia 5 kabla ya kodi. Akiisahau kodi atatarajia sh. 590,000/-. Akiikumbuka lakini akatoa asilimia 18 ya 11,800,000, atatoa sh. 2,124,000/-, atabaki na sh. 9,676,000/- na kupata kamisheni ya sh. 483,800/-. Majibu yote mawili si sahihi. Bei ya risiti ni asilimia 118 ya bei ya awali, kwa kuwa kodi imejumlishwa juu yake. Gawa 11,800,000 kwa 118, unapata 100,000. Zidisha mara mia, bei kabla ya kodi ni sh. 10,000,000/- na kamisheni ni sh. 500,000/-. Kwa Kenya, ambako kiwango cha kawaida ni asilimia 16, mgawanyo ungekuwa kwa 116.

Kuhusu mali kauli, suala ni fupi lakini lina uchungu. Wakala amesambaza bidhaa za sh. 8,000,000/- kwenye maduka, na mpaka mwisho wa mwezi maduka yamelipa sh. 5,500,000/-. Kamisheni ya asilimia 4 ni sh. 320,000/- kama inahesabiwa kwa bidhaa zilizotoka, na sh. 220,000/- kama inahesabiwa kwa fedha zilizoingia. Kampuni nyingi hulipa kwa fedha zilizoingia, na kwa mtazamo wa biashara zina sababu, maana kuuza kwa mkopo kila mtu anaweza. Lakini basi mkataba useme ile sh. 100,000/- iliyobaki italipwa lini, na itakuwaje wakala akihamishwa eneo kabla deni halijalipwa. Mawakala waliohamishwa wakaacha kamisheni yao mikononi mwa mrithi wao ni wengi.

KUPANDA NA KUSHUKA

Mwajiri anayepandisha kamisheni kutoka asilimia 4 hadi 5 husema ameongeza asilimia moja tu. Kwa mauzo ya sh. 10,000,000/-, muuzaji alikuwa anapata sh. 400,000/- na sasa atapata sh. 500,000/-. Kipato chake kimepanda kwa robo, yaani asilimia 25. Mwajiri akiirudisha kutoka 5 hadi 4 atasema amepunguza asilimia moja, wakati muuzaji amepoteza asilimia 20 ya kamisheni yake.

Mfano wa wazi uko kwenye ushuru wa mazao. Mwaka 2017 serikali iliushusha ushuru huo kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na hadi 2 kwa mazao ya chakula. Mahindi ya thamani ya sh. 3,000,000/- yaliyokuwa yakilipiwa sh. 150,000/- yakawa ya kulipiwa sh. 60,000/-. Waliosema umepungua kwa asilimia tatu waliupunja unafuu wenyewe, kwani mzigo wa ushuru ulipungua kwa asilimia 60.

Na kuna kamisheni ambayo haitajwi kwa asilimia, ingawa kila mpangaji wa Dar es Salaam anaifahamu: kodi ya mwezi mmoja kwa dalali wa nyumba. Chumba cha sh. 200,000/- kwa mwezi kina udalali wa sh. 200,000/-. Aliyelipa kodi ya mwaka mzima, sh. 2,400,000/-, ametoa udalali wa asilimia 8.3. Aliyelipa miezi sita ametoa asilimia 16.7. Aliyejikongoja akapata mwenye nyumba wa kupokea miezi mitatu ametoa asilimia 33.3, na akihama baada ya hapo ataanza upya na dalali mwingine.

Msomaji anayetaka kujipima achukue hesabu hii. Wakala ameuza bidhaa za mali kauli, akakata kamisheni yake ya asilimia 8, kisha akapeleka kiwandani sh. 7,360,000/-. Aliuza kwa kiasi gani? Jibu ni sh. 8,000,000/-. Aliyepata sh. 7,948,800/- arudi kwa yule mkulima mwenye deni la mbolea.